Miguu Minne Hewani: Dafen, Kijiji cha Nakala

Mpenzi msomaji, ukuta wa sebuleni ni mtihani wa ndoa. Sofa mmeshanunua, rangi ya mapazia mmeshabishana mkayamaliza, televisheni imepata mahali pake, halafu mnabaki mnautazama ule ukuta mtupu. Wapo wanaotundika picha kubwa ya harusi. Wapo wanaotundika saa yenye maporomoko ya maji yanayowaka taa. Na wapo wanaotaka mchoro wa maana, wa rangi ya mafuta, wa mchoraji mwenye jina lake duniani. Tatizo ni kwamba bei ya mchoro wenyewe inaweza kununua nyumba yenu pamoja na mtaa mzima.

Hapo ndipo linapoingia neno "nakala". Na hapo ndipo maneno yanapoanza, maana kwetu Bongo nakala ikitoka China ina jina moja tu: feki.

Mwezi huu nakupeleka Dafen, kijiji kilichomezwa na jiji la Shenzhen kusini mwa China. Huko watu wanakula, wanasomesha watoto na wanajenga kwao kwa kazi ya kunakili michoro ya Ulaya kwa mkono. Tulikwenda mimi na mume wangu, tukitafuta kitu kimoja: mbio za farasi.

KWA NINI FARASI?

Mume wangu ni Mkenya, mzaliwa wa Nairobi. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, ujanani alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi ya jirani na uwanja wa mbio wa Ngong. Farasi wamekuwa wakishindana pale tangu 1954. Kwa miaka mingi kazi ya Mzee ilikuwa kuamka kabla ya jogoo, kulisha, kupiga brashi, kutembeza na kufuta jasho. Siku ya mbio spika zilitangaza jina la farasi, la mwenye farasi na la joki. Saisi hatangazwi.

Sasa Mzee alikuwa anatimiza miaka 70. Dada zake mume wangu wakagawana keki, ukumbi na mbuzi. Mume wangu akasema lake ni picha. "Si kalenda, si bango la kuchapisha. Mchoro wa mbio, wa zamani, wa mkono."

Nami nikauliza kilichokuwa moyoni. Mtu aliyeshika miguu ya farasi kwa mikono yake nusu ya maisha, ukimpelekea picha iliyonakiliwa China, hataona umemchukulia poa? Mume wangu hakuwa na jibu. Tukasafiri na swali letu kwenye begi.

KUFIKA

Guangzhou haihitaji utambulisho. Kuna wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoijua kuliko wanavyoijua Mtwara. Mwenzangu alikuwa na shughuli zake huko kwa wiki mbili na ushee, mimi nikachukua likizo nikamfuata. Kutoka stesheni ya kusini ya Guangzhou, treni ya mwendokasi haimalizi saa nzima kukufikisha Shenzhen. Ndani ya jiji unapanda metro, laini namba 3, unashuka stesheni inayoitwa Dafen. Kuhusu lugha, tulikuwa na kijana wa Kitanzania anayesoma Guangzhou, Kichina anakimwaga kama maji. Bila yeye tungeishia kuonyeshana vidole.

Unapokewa na sanamu ya mkono mkubwa ulioshika brashi. Ukishaipita ile sanamu, vichochoro vinakumeza. Eneo zima ni dogo, kama kilomita ya mraba 0.4, unaweza kulizunguka kwa miguu na viatu vyako vya kutokea. Harufu ya rangi na tapentaini inagombana na harufu ya wali wa kukaanga. Wachoraji wengine hawana hata chumba. Wana kipande cha ukuta kichochoroni: turubai imepigiliwa, kiti cha plastiki, feni, simu inaimba, kazi inakwenda. Alizeti za Van Gogh zimepangwa zikauke, moja, mbili, tatu, hadi kumi, kama samaki kwenye uchanja. Mona Lisa anakutazama akiwa na jicho moja, la pili bado halijachorwa.

Yote haya yalianza 1989. Huang Jiang, mchoraji na mfanyabiashara kutoka Hong Kong, alihamia hapa na wachoraji kama 20, kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na Hong Kong ipo jirani tu. Akawa anapokea oda za maduka ya Marekani na Ulaya. Vijana wakamiminika kutoka vijijini, waliojua wakawafundisha wasiojua. Oda ikiwa kubwa kazi iligawanywa: huyu anachora mbingu, yule miti, mwingine nyuso, turubai inapita mkono hadi mkono. Ilifika mahali ikawa inasemwa kwamba zaidi ya nusu ya michoro ya mafuta inayouzwa duniani inatoka kwenye vichochoro hivi.

Kisha ukaja msukosuko wa uchumi wa 2008. Wamarekani wakaacha kununua nyumba, na asiyenunua nyumba hanunui picha ya kutundika. Dafen ikageuza uso, ikaanza kuuzia Wachina wenyewe, na wachoraji wengi wakaanza kuchora kazi za kubuni wao. Tangu 2007 kijiji kina jumba lake la makumbusho ya sanaa. Mwaka 2010, kwenye maonyesho ya dunia ya Shanghai, wachoraji 507 wa hapa walitengeneza Mona Lisa mmoja mkubwa mno kwa vipande 999. Watu waliozoea kuitwa mashine wakapata siku yao.

FARASI GANI SASA?

Farasi Dafen wamejaa. Ila wengi ni farasi wa Kichina, farasi wanane wakikimbia pamoja, manyoya ya shingo yakipepea. Mchina anawatundika ofisini au dukani kwa imani kwamba farasi akifika, mafanikio yamefika. Kijana wetu akatwambia ni zawadi nzuri kwa mtu anayefungua biashara. Tukashukuru. Mzee wetu habari za kufungua biashara alishamaliza.

Mume wangu alikuja na chaguo lake kwenye simu: "Derby ya Epsom" ya Théodore Géricault, Mfaransa aliyeichora 1821 akiwa Uingereza. Mchoro wenyewe upo Louvre, Paris. Ukiuona hutausahau. Farasi wanne wanapaa juu ya majani, mbingu nyuma yao imefura kwa mvua, na wote wanne wamenyoosha miguu, ya mbele mbele, ya nyuma nyuma, kama wanaogelea hewani. Mwaka ule mshindi wa Derby alikuwa Gustavus, farasi wa kwanza wa kijivu kushinda mbio hizo, ambazo zilianza 1780.

Uzuri upo. Tatizo ni miguu.

Farasi hakimbii hivyo. Kwa mamia ya miaka wachoraji walimchora farasi aliye shoti akiwa ameninginia na miguu yote minne imenyooshwa, kwa sababu jicho la binadamu haliwezi kuikamata ile miguu ikipita. Hadi Juni 1878, huko Palo Alto, California. Tajiri wa reli Leland Stanford alimlipa mpigapicha Mwingereza Eadweard Muybridge apange kamera kwa mstari kando ya njia ya kukimbilia, kila moja na uzi wake. Farasi jike aitwaye Sallie Gardner akapita shoti, akikata nyuzi, kamera zikifyatuka moja baada ya nyingine. Picha zilipotoka watu walishangaa. Ni kweli kuna sekunde ndogo ambayo kwato zote nne ziko hewani, lakini hapo miguu imekunjwa chini ya tumbo. Miguu ikinyooka, walau kwato moja inagusa ardhi. Edgar Degas, Mfaransa aliyependa kuchora viwanja vya mbio, alizisoma picha za Muybridge, na farasi wake wa baadaye wakabadilika.

Nikamwambia mume wangu, "Mzee ataanza na miguu. Hata salamu hataitikia."

Akasema, "Basi mchoraji airekebishe. Si tunalipa?"

Mpenzi msomaji, hapo tukanyamaziana mtaa mzima.

SAISI NDANI YA PICHA

Usiku ule hotelini nilitoa chaguo langu. Kama zawadi ni ya saisi, kwa nini tutafute mchoro usio na saisi?

George Stubbs alizaliwa Liverpool 1724, mtoto wa fundi wa ngozi. Kabla ya kuwa mchoraji wa farasi wa mabwana wakubwa, alijifungia kwenye nyumba moja ya shamba huko Horkstow, Lincolnshire, kwa miezi 18, akipasua mizoga ya farasi na kuchora tabaka baada ya tabaka: ngozi, misuli, mishipa, mifupa. Kitabu chake cha anatomia ya farasi kilitoka 1766. Mtu huyu alijua farasi kwa ndani na kwa harufu.

Na alikuwa na jicho kwa watu wa zizini. Mwaka 1765 alimchora Gimcrack, farasi mdogo wa kijivu aliyeshinda mbio 28 kati ya 36, kwenye viwanja vya Newmarket. Mchoro ule unasimulia habari mbili kwa mpigo. Kwa mbali, Gimcrack anaongoza mbio, wenzake nyuma, na hakuna mtazamaji hata mmoja. Kwa karibu, Gimcrack huyo huyo ameshamaliza kukimbia. Amesimama mbele ya kibanda cha matofali, mkufunzi amemshika kichwa, joki yuko pembeni, na kijana wa zizini ameinama akimfuta jasho. Ushindi uko nyuma, mdogo. Kazi ya baada ya ushindi iko mbele, kubwa.

Mume wangu aliitazama kwenye simu, akaivuta, akaivuta tena, akafika kwa yule kijana aliyeinama. Hakusema kitu. Nikajua imepita.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha kuhusu mchoro huu. Stubbs aliuchora mara mbili! Mmoja uliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 22. Mwingine ni mali ya Jockey Club ya pale pale Newmarket. Yaani mchoraji mwenyewe alikaa akanakili kazi yake kwa mkono wake, na hakuna aliyeita ya pili feki.

MCHORAJI WETU

Kesho yake tukarudi Dafen na kazi ya kutafuta mkono. Ushauri wangu: usiangalie duka, angalia nani anashika brashi. Maduka mengine yanapokea oda na kuisukuma kichochoroni usikokujua. Tulimpata mama mmoja wa makamo, ana chumba chembamba juu ya duka la fremu, ukutani kwake kuna mbwa wa kuwinda, meli za kivita na ng'ombe wa Kiholanzi. Hatamtaja mtu jina gazetini, alisema akicheka, na mimi simtaji.

Aliiangalia picha ya Gimcrack kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Akauliza vitu vitatu. Ukubwa gani? Mchoro wa Stubbs una upana unaokaribia mita 2, tukasema nusu yake. Siku ngapi? Tukasema tuna siku 11. Mbingu mnaitaka kama ilivyo leo, imefifia kwa uzee, au kama ilivyokuwa siku ilipochorwa? Hilo hatukulitegemea hata kidogo. Tukasema kama ilivyo leo.

Mume wangu naye akatoa lake. Hawa farasi wa nyuma, wanaokimbia, miguu yao si ya kweli. Hata Stubbs, pamoja na kupasua mizoga miezi 18, alipofika kwenye shoti aliwachora kama wenzake, miguu minne imenyooshwa. Je, anaweza kuirekebisha?

Mama akajibu kwa utaratibu, kijana wetu akatafsiri kipande kwa kipande. Kuweza anaweza. Ni dakika chache tu, farasi wenyewe wadogo. Ila akirekebisha, itakuwa picha yake, si ya Stubbs, na bei yake ni nyingine, na asitafute tena kumwambia mtu kwamba ni nakala. "Nakala inabeba kila kitu," alisema. "Na makosa."

Nilipenda jinsi alivyosema bila kujitutumua. Kwake ni suala la kazi tu, kama fundi cherehani anayekuuliza unataka mshono huu au ule.

Mume wangu akanitazama. Nikamwambia kimya kimya: Mzee amefuta farasi jasho nusu ya maisha, hahitaji kufundishwa miguu na picha. Mwache Stubbs na jicho lake. Akakubali, shingo upande kidogo, lakini akakubali.

Swali la mwisho likatoka kwa mama. Je, aweke sahihi ya Stubbs?

Hapo nilijibu mimi. Hapana. Mbele kusiwe na jina la mtu. Nyuma ya turubai aandike jina la mchoro, jina la Stubbs, kisha jina lake mwenyewe na mwaka. Kijana wetu akatafsiri, mama akauliza tena kana kwamba hakusikia vizuri. Jina langu? Ndiyo, mama, jina lako.

NAKALA NA FEKI SI NDUGU

Niliwaza sana jambo hili kwenye treni ya kurudi Guangzhou. Kunakili kwa mkono si uhuni uliozaliwa China. Louvre yenyewe imekuwa ikiruhusu wanakili kukaa mbele ya michoro yake tangu 1793, na Degas alijiandikisha kuwa mnakili pale 1853, kijana mdogo akijifunza kazi. Hadi leo wanaruhusiwa kwa kibali, ila kwa masharti: nakala isilingane ukubwa na mchoro wenyewe, na sahihi ya mchoraji isinakiliwe. Masharti hayo mawili yanatosha kukuonyesha mpaka uko wapi. Nakala haijifanyi. Feki ni ile inayosema uongo kuhusu baba yake.

Kwetu pia tunalijua hili. Nenda Oysterbay, Dar es Salaam, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972, na wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wamekuwa wakiwarudia wale chui na ndege wake hadi leo. Tofauti ni kwamba pale kila mtu anaandika jina lake chini. Dafen wengi walizoea kuacha jina likae kwa mwenye duka.

Ndiyo maana siamini kwamba suala ni China au Ulaya. Suala ni je, mtu aliyeinama akafanya kazi anaonekana, au anafutwa? Stubbs alimchora kijana wa zizini kwa heshima ile ile aliyompa farasi. Mwenyewe naye alijua kudhulumiwa. Alipomaliza mchoro mkubwa wa farasi Hambletonian mwaka 1800, ilibidi aende mahakamani kudai pesa zake.

SIKU YA KUCHUKUA

Tulirudi mara moja katikati, kuangalia. Alikuwa amechora miraba kwa penseli juu ya turubai, mraba kwa mraba akihamisha mistari kutoka kwenye picha aliyoichapisha kubwa. Juu yake tabaka jembamba la rangi ya udongo, kivuli na mwanga tu. Farasi alikuwa bado mzimu. Siku ya 11 Gimcrack alikuwa amesimama, wa kijivu, jicho la maji, ngozi inang'aa pale kijana alipopita na kitambaa na haijang'aa pale ambapo hajafika. Nikasogea karibu na pua. Nyuma kabisa, wadogo kama sisimizi, farasi wa mbio walikuwa wanaruka na miguu yao ya uongo.

Nyuma ya turubai kulikuwa na mistari mitatu, miwili kwa herufi za Kizungu, mmoja kwa Kichina.

Bei? Yuan mia kadhaa, chini ya tulichotumia kwa hoteli na chakula. Hatukupunguza hata senti moja, na mume wangu ni mtu wa kupunguza bei ya nyanya.

NAIROBI

Sherehe ilifanyika nyumbani kwa Mzee, si ukumbini, alikataa ukumbi. Fundi wa fremu wa Nairobi alishaivisha ile turubai mbao nyembamba nyeusi. Baada ya "shikamoo baba" na baada ya mbuzi, mume wangu akaleta zawadi, akaieleza yote kabla haijafunuliwa: nani aliichora 1765, nani aliinakili, wapi. Hatukutaka Mzee adhani tumemletea mali ya mnada wa London.

Mzee alivaa miwani. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, mikono nyuma. Kisha kidole chake kikaenda moja kwa moja kwa kijana aliyeinama.

"Huyu anajua kazi," akasema. "Angalia alivyokaa. Hakai nyuma ya mguu."

Akaendelea kutazama. Akafika kwa wale wa mbali, akacheka hadi akakohoa. "Na hawa je? Hawa ni sungura!"

Mume wangu akamsimulia habari za Muybridge na nyuzi na kamera. Mzee alisikiliza yote kwa heshima, kisha akasema kwamba yeye hakuhitaji kamera, ukimkanda farasi miguu kila jioni unajua inakunjwa wapi. Halafu akaomba picha igeuzwe. Akasoma jina la Stubbs. Akatuomba tumsomee na lile la Kichina.

UKITAKA KUAGIZA YA KWENU

Chagua mchoraji wa zamani. Michoro ya Stubbs (alifariki 1806), Géricault (1824) na Degas (1917) haina tena haki miliki, unanakili bila wasiwasi. Lakini Alfred Munnings, Mwingereza anayependwa sana na wapenzi wa mbio, alifariki 1959, na Uingereza kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2029.

Nenda na picha safi. Picha ya simu iliyotumwa mara tano itakupa farasi asiye na macho. Makumbusho mengi makubwa huweka picha zenye ubora wa juu kwenye intaneti.

Kagua kama ni mkono kweli. Kuna picha zilizochapishwa kisha zikapakwa gundi nzito ionekane kama brashi imepita. Ikuze kwa kamera ya simu: ukiona vidoti vidogo vidogo, imechapishwa. Ukiona mikunjo ya gundi haifuati umbo la kilichochorwa, imechapishwa pia.

Kubalianeni kabla ya kazi: ukubwa, siku, nani hasa atachora, na kitakachoandikwa nyuma.

Isafirishe imeviringishwa kwenye bomba nene, upande wenye rangi ukiwa nje, si ndani, ili rangi isijikunje na kupasuka. Hakikisha haigandi kwenye kidole. Fremu tengeneza nyumbani, mafundi tunao.

Vanishi isubiri. Rangi ya mafuta inaonekana kavu baada ya siku chache, lakini ndani bado inapumua. Ipe miezi 6 au zaidi.

Usiitundike mahali jua linapopiga moja kwa moja, wala juu ya jiko. Kwa sisi wa pwani, acha nafasi ndogo kati ya fremu na ukuta hewa ipite, unyevu ni adui.

Na mgeni akiuliza, mwambieni ni nakala, nani alichora ya kwanza, na nani alichora hii.